Mama Herieth na Kabari

Siku Joakim alipomwona Mama Herieth kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anamgombeza dereva wa bodaboda kwa ajili ya shimo. Shimo lenyewe walikuwa wamekwisha kulipita, liko huko chini karibu na daraja, lakini yeye alikuwa bado hajalimaliza.

"Nilikwambia nimebeba mawe ya mizani, si viazi! Jiwe la mizani likishamegeka siyo kilo ishirini tena, ni chuma chakavu. Unanisikia, mwanangu, au unanitazama tu?"

"Mama, barabara yenyewe ndiyo hii."

"Barabara ndiyo hii, sawa. Na breki? Na breki nazo ndizo hizi?"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya kupima kahawa, nje ya ghala la chama cha msingi huko juu upande wa Kitura, wakacheka. Joakim hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, mikono nyuma, akimtazama yule mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kaki la kiume juu ya kitenge, miwani yake imefungwa kisogoni kwa uzi wa nyavu. Alikuwa anashusha mawe yake moja moja na kuyafuta kwa kitambaa kama anafuta watoto kamasi. Joakim aliwaza: huyu ndiye fundi? Basi nimekwisha.

Maana Joakim ndiye aliyekuwa mpimaji wa kahawa pale. Wakulima walimchagua mkutanoni kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, ameishia darasa la saba, mtu wa kukaa benchi la nyuma kanisani na kutoka wa kwanza ili asisalimiane na watu wengi. Walisema huyu hawezi kutuibia, hana hata mdomo wa kudanganyia. Lakini tangu chama kilete mizani mpya, ile ya betri yenye kioo cha namba, mambo yaligeuka. Mtu anapima gunia lake nyumbani kwa mizani ya kuning'iniza, anapata sitini. Akifika ghalani kioo kinasema hamsini na sita. Jirani yake anapata hamsini na nane. Wa kesho anapata sitini kamili. Na ule ukimya uliompa Joakim kazi ukageuka kuwa ushahidi. "Mtu asiyesema," walinong'ona kwenye vichanja vya kuanikia, "ana analolificha."

Mwenyekiti wa chama, Mzee Othmar, alimweleza bila kuzunguka. "Joakim, tumemwita fundi. Akikuta ubovu kwenye mizani, mizani itatengenezwa. Asipoukuta kwenye mizani, utakuwa kwa mtu. Na mtu hatutengenezi, tunamwondoa."

Kuondolewa kazini Joakim angeweza kuvumilia. Alikuwa na shamba lake na mke wake, Beata, hawakulala njaa kabla ya mizani na wasingelala njaa baada yake. Lakini kuitwa mwizi wa kahawa katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji wa mwenzake, jina kama hilo lingewafuata hadi wajukuu.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba. Wewe ndiwe unayeiba?"

Joakim akatikisa kichwa haraka.

"Nakuuliza kwa sababu kila ninakoitwa kuna mtu mmoja anayeiba. Ziwani yupo, Kigonsera yupo, Ruanda yupo, na huku naambiwa yupo. Hakuna hata siku moja nimeitwa nikaambiwa, mama, njoo, labda sisi wenyewe hatujui kutumia. Haya, nishikie hapa."

Akapiga magoti, akaingiza vidole chini ya bamba la juu la mizani, upande wa ukutani. Vidole vikatembea, vikasimama. Akavuta. Akatoka na kipande cha ubao wa mkaratusi kilichochongwa vizuri kwa panga, chembamba huku, kinene huku.

"Nini hiki?"

"Kabari," foleni nzima ilijibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Najua ni kabari! Inafanya nini humu?"

Mama Tadea, aliyekuwa akifagia ghala, akajibu akishangaa kwamba jambo kama hilo linaulizwa. "Si ilikuwa inatikisika, mama."

Na kweli, kwa watu wa milima ile hilo lilikuwa jibu kamili. Umatengo hakuna mahali palipo sawa pa kuweka hata sahani. Nyumba zimechongewa ubavuni mwa mlima, ngoro za mahindi, yale mashamba yao ya mashimo, zimeng'ang'ania miteremko ambayo mbuzi anaifikiria kwanza. Kila kilichosimama kimesimama kwa sababu kuna kingine kimewekwa chini yake: kitanda, kabati la vyombo, mzinga, tenki la maji. Hata altare ya kigango chao ina kijiwe chake chini ya mguu wa kushoto, na padri anakijua. Mtoto wa huko, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, anajua kutafuta jiwe linaloutosha mguu wa stuli. Mtu akiona kitu kinatikisika, mkono unatangulia. Akili inafuata baadaye, au haifuati kabisa.

Mama Herieth alikuwa Mnyasa wa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako mchanga ni tambarare na kitu kikitikisika unakikandamiza tu kikatulia. Hakuwaelewa hata kidogo.

"Sogeeni," alisema. "Nitasema mara moja. Sitarudia."

Alikuja kurudia mara nyingi mno.

Alinyanyua bamba akaliegemeza ukutani. Chini yake kulikuwa na fremu, na kwenye kila pembe ya fremu kipande cha chuma kinene kama dole gumba la mguu.

"Mnakiona hiki? Mafundi wanakiita lodiseli. Upande mmoja kimefungwa kwenye fremu, upande wa pili kinabeba bamba, katikati kimeachwa kinaelea. Hiki ndicho mizani. Hayo mengine yote ni mapambo. Na kazi yake ni moja: kupinda."

"Chuma hicho kipinde?" akauliza Zabron, mkulima mcheshi aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Mama, hapo labda apande tembo."

"Kinapinda hata ukiweka kikombe cha chai. Huoni wewe, sioni mimi, lakini kinapinda. Ukitoa kikombe kinarudi kilivyokuwa."

Akatoa mfukoni kipande cha godoro cha urefu wa kiganja. Ubavuni alikuwa amekichora mistari kwa kalamu, imesimama imepangana kama meno ya kitana. Akakikunja kidogo kwa mikono miwili.

"Tazameni mistari. Upande wa ndani inafanyaje?"

"Inasongamana."

"Na upande wa nje?"

"Inaachana."

"Na chuma ni hivyohivyo. Kikipinda, sehemu moja inasongamana, sehemu nyingine inatanuka. Sasa kwenye hizo sehemu wamebandika kwa gundi nyaya nyembamba kuliko unywele, zimekunjwakunjwa kama njia yenu ya kupandia huku. Chuma kikitanuka, waya unavutwa nacho, unarefuka, unakonda. Umeme unaupita kwa shida. Chuma kikisongamana, waya unafupika na kunenepa, umeme unapita kwa nafuu. Kichwa cha mizani kinalinganisha: huku shida kiasi gani, huku nafuu kiasi gani. Hiyo tofauti ndiyo mnayoiona kwenye kioo imekuwa namba."

"Kwa hiyo haipimi kilo?"

Watu waligeuka. Aliyeuliza alikuwa Joakim, na aliyeshtuka zaidi alikuwa Joakim mwenyewe.

Mama Herieth alimtazama juu ya miwani. "Haijui kilo. Haijawahi kuona kilo tangu izaliwe. Inajua kupinda tu. Kilo naifundisha mimi kwa haya mawe. Naweka ishirini, naiambia, kupinda kwa namna hii ndiyo ishirini. Basi sasa wewe ukija na kabari yako, gunia linakaa nusu kwenye chuma changu, nusu kwenye ubao wako. Uzito uliokanyaga ubao umekwenda zake ardhini. Haukupita kwenye chuma, chuma hakikupinda kwa ajili yake, mizani haina habari nao. Kilo zenu nne hakuziiba mtu. Ziko hapo chini ya sakafu, mkitaka chimbeni."

"Kwa hiyo itikisike tu?" Mama Tadea hakuridhika.

"Itikisike! Huko kucheza kidogo ndiko kazi yenyewe! Kitu kisichosogea hata chembe kitakwambiaje umekiwekea nini?"

"Ila inatia aibu," akasema Mzee Othmar kutoka pembeni. "Mizani ya chama kizima, inacheza kama kiti cha kilabuni."

Mama Herieth akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kwa pua, akaendelea na kazi. Aliweka jiwe lake pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na kila pembe kioo kikasema namba ileile. Gunia la Zabron likasoma sitini. Watu wakapiga makofi. Joakim alitamani kumshukuru, akatafuta neno zuri, na alipolipata bodaboda ilikuwa imekwisha kukata kona.

Kahawa ilikuwa bado imejaa kwenye vichanja Mama Herieth alipoitwa tena. Safari hii chini ya bamba kulikuwa na kijiwe, bapa, safi, mtu alikuwa amekichagua.

"Nani?" aliuliza. Hakuna aliyejua. "Joakim, wewe unashinda hapa. Nani?"

"Sijamwona, mama. Mimi huwa natazama kioo."

"Na ukimwona utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia yeye au utauambia mgongo wake akishaondoka?"

Mama Herieth akaomba rangi, akaandika ukutani kwa herufi nyekundu kubwa kama mbuzi: USIWEKE KITU CHINI YA MIZANI. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaondoka.

Mara ya tatu alikuta kifuniko cha bati kimekunjwa mara mbili. Alikigeuzageuza, akakinusa. Kilikuwa na rangi nyekundu.

"Joakim."

"Naam, mama."

"Hiki ni kifuniko cha kopo langu."

"Ndiyo, mama."

"Kopo nililoandikia pale ukutani."

"Ndiyo, mama."

Alikaa chini kwenye jiwe lake la kilo ishirini, mgongo kwa maandishi. Halafu akaanza kuongea, siyo na Joakim hasa, bali na mchana wenyewe. Ndivyo Joakim alivyoujua wasifu wake, vipande vipande, kati ya lawama na lawama.

Baba yake alikuwa mvuvi wa usipa, vile vidagaa vya ziwani. Aliolewa na Cleopa, fundi mizani, Mwanglikana mwenzake, mtu mpole aliyezunguka ufukwe wote kutoka Mbamba Bay hadi Lituhi na kisanduku begani. Macho ya Cleopa yalipoanza kuingia ukungu, mke ndiye aliyemsomea namba. Mikono ilipoanza kutetemeka, mke ndiye aliyekaza skrubu. Cleopa alipofariki, watu walikuja kukiulizia kisanduku, nani atakirithi, na yeye akawaambia kaeni chini mnywe chai, kisanduku kimekwisha kurithiwa.

"Na Cleopa hakuwahi kumgombeza mtu," alisema. "Alikuwa anarudia tu. Siku nzima anarudia. Mimi roho hiyo sina. Kule Liuli akinamama wakipima usipa, kila mmoja anashikilia beseni lake kwa chini, kwa mkono mmoja, lisimwagike. Namwambia, mama, achia, ukilisaidia beseni unajipunja mwenyewe. Anaachia. Macho yangu yakihama, mkono unarudi. Kule wanashikilia, huku mnatia kabari. Nitapata lini, jamani, watu wanaoweza kukiacha kitu kifanye kazi yake?"

Joakim alitaka kumwambia kwamba na yeye amechoka. Kila asubuhi alipapasa chini ya bamba kabla ya kuwasha mizani. Palikuwa safi. Likija kundi la watu, wakipanda, wakishuka, wakisukuma magunia, akigeuka kuandika tu, namba zinaanza kushuka. Anapapasa: kabari. Anaitoa. Hamwambii mtu, kwa sababu hajui amwambie nani, na wazee wote wale ni wakwe zake kwa namna moja au nyingine. Na kila alipoinama kuitoa, watu walimwona ameinama. Huyo, anachezea mizani.

Mzee Othmar aliitisha mkutano.

Walikaa nje ya ghala, wanaume kwenye magogo, wanawake kwenye majani, manyunyu yanakuja na kuacha. Mizani ilitolewa ikawekwa mbele ili kila mtu aone. Joakim alisimama kando yake, kofia mkononi, na Beata alikaa mbele kabisa bila kumtazama mtu. Mama Herieth alikuwa amepanda kutoka ziwani asubuhi ileile, koti limelowa, hasira imekauka vizuri.

"Fundi," alisema Mzee Othmar, "tuambie mbele ya watu. Mizani ni nzima au mbovu?"

Aliweka mawe yake pembe zote nne. Akapandisha gunia la Zabron. Sitini. Akashusha.

"Ni nzima."

"Mmesikia," Mzee Othmar akawaambia watu. "Ni nzima."

"Mzee, sijamaliza. Ni nzima ikiachwa..."

"Umejibu, mama, tunashukuru. Mizani ni nzima. Tulikubaliana kwamba ubovu usipokuwa kwenye mizani uko kwa mtu."

Joakim alimtazama Mama Herieth, naye akamtazama, kinywa wazi, kwa mara ya kwanza amekosa neno. Ushuhuda wake mwenyewe, wa kweli tupu, ndio uliomfunga mtu.

Mzee Othmar alipenda kuhutubia. Alikwenda huku na kule, mikono nyuma, akasema juu ya jasho la mkulima, juu ya imani, juu ya chama walichokianzisha baba zao. Alipofika kwenye mizani akaweka mguu mmoja juu ya bamba, kama watu wanavyoweka mguu kwenye kizingiti wakitaka kusema jambo zito.

Bamba likacheza kidogo.

Mzee Othmar hakukatisha hotuba. "Kwa maana mtu mwaminifu, ndugu zangu," alisema, na akainama, akaokota kibanzi cha ubao kilichokuwa kwenye majani, "mtu mwaminifu hana sababu ya kuogopa," akakiingiza chini ya bamba, akakisukuma kwa ncha ya kiatu, "kwa sababu matendo yake yanaonekana na wote," akaligusa bamba kwa kiganja, likatulia, naye akaridhika, "mchana kweupe!"

Hakuna aliyeshtuka. Watu mia moja walikuwa wanamtazama, na Zabron alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anavyokubali akiona mlango uliokuwa wazi umefungwa.

Mama Herieth alivua miwani, akaifuta kwenye koti lililolowa, akaivaa tena.

"Mzee Othmar," alisema, kwa upole ambao Joakim hakuwahi kuusikia kwake, "umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Basi pumzika kidogo. Zabron, baba, hebu rudisha gunia lako."

Gunia likapanda. Kioo kikahangaika, kikatulia.

"Soma kwa sauti, baba."

"Hamsini na sita," alisema Zabron. Akainama, akasoma tena. "Na nukta tatu. Ah! Lakini sasa hivi lilikuwa sitini!"

"Joakim yuko wapi?"

"Yuko kulee," watu walisema. Kwa woga Joakim alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Mzee Othmar, umeweka nini chini ya mizani?"

"Mimi?" Mzee aliudhika kweli. "Sijaweka kitu!"

Aliyeanza kucheka ni Mama Tadea. "Mzee, si umetia kabari sasa hivi!"

"Lini?"

"Ulipokuwa kwenye mtu mwaminifu!"

Kicheko kilipasuka kikashuka bondeni. Mzee Othmar akapiga magoti, akapapasa, akatoka na kibanzi, akakitazama kama mtu aliyetoa panya mfukoni mwake. Na hapo kila mtu akaanza kukumbuka. Mama Tadea akasema hata yeye, akifagia, labda, hawezi kuapa. Zabron akasema kile kijiwe kizuri kilikuwa kama vya kwake. Mwingine akasema padri alipokuja kubariki msimu alimwona ameinama karibu na mizani, naye akadhani anasali.

Mama Herieth peke yake ndiye hakucheka. Alikaa kwenye jiwe lake, uso kwenye viganja. "Nimekwisha," alisema. "Mtu mmoja angekuwa anafanya hivi kwa ubaya, ningemkamata leo nikapumzika. Sasa nimkamate nani? Mlima mzima?"

"Basi Joakim hana kosa," Mzee Othmar alisema akijifuta magoti. Alisita, akaongeza kwa sauti kubwa ili wa nyuma wasikie: "Joakim hana kosa! Nimesema mimi. Na wewe fundi, tutafutie mizani isiyotikisika."

Mama Herieth alipiga ukelele mmoja mfupi ndani ya viganja.

Watu walipotawanyika, Joakim alimsaidia kufunga mawe kwenye bodaboda. Alikuwa na jambo la kusema tangu mkutanoni.

"Mama. Hawataacha."

"Najua hawataacha!"

"Mikono yao inatafuta kazi. Tuipe."

"Tuipe nini?"

Joakim alikwenda ndani akatoka na stuli yake ya kukalia na msumeno, akaikata mguu mmoja, upana wa kidole, akaiweka kando ya mizani, karibu kabisa, mahali ambapo kila mtu lazima apite. Akaisukuma. Ikapepesuka kwa kelele, ka-ka-ka.

Mama Herieth aliitazama stuli, akamtazama Joakim.

"Yaani Cleopa na mimi maisha yote tumehubiri lodiseli, ziwani na mlimani," alisema, "na dawa ni stuli mbovu?"

"Tujaribu tu, mama."

"Mna wazimu. Wote. Na wewe ndiwe uliyekuwa na nafuu."

Msimu ule mizani haikuguswa. Watu walifika na magunia, wakaiona stuli, wakaipitishia jicho, na mikono ikafanya kazi yake. Chini ya mguu mfupi Joakim alikuta vijiwe, vibanzi, magunzi ya mahindi, vifuniko vya soda. Kila jioni alivitoa na kuvitupa, stuli ilale ikipepesuka, iamke ikiwangojea. Gunia likitoka nyumbani sitini, lilisoma sitini. Hakuna aliyenong'ona juu yake tena, na Beata akaanza tena kukaa na wenzake baada ya misa.

Mama Herieth aliendelea kupanda kila msimu kuja kuikagua mizani, akilalamika juu ya barabara, juu ya magoti yake, juu ya watu wa ziwani. Joakim alizoea kumngojea. Alikuwa mtu pekee ambaye angeweza kukaa naye bila kuona haja ya kutafuta neno, kwa kuwa nafasi ya kuliweka isingepatikana.

Habari ya kifo chake ilipanda mlimani na wachuuzi wa usipa, wakati alikuwa amekwisha kuzikwa huko kwao Liuli. Walisema malaria, wengine walisema moyo. Kisanduku alikichukua binti yake, Rosina, na wachuuzi walisema binti naye ni mkali vilevile. Joakim aliwashukuru, akaingia ghalani, akakaa.

Alikuwa anaikumbuka safari ya mwisho ya mama huyo. Mama Herieth alikuwa amemaliza pembe zote nne, hakukuta kitu cha kulalamikia, na jambo hilo lilimuudhi kidogo. Bodaboda ilikuwa imechelewa. Magoti yalikuwa yanamuuma. Akaangalia huku na huku pa kukaa, akaikalia ile stuli, ikaenda ka, akasogea, ikarudi ka. Alijaribu kuvumilia. Alimweleza Joakim habari za akinamama wa mabeseni, ka-ka, habari za dereva, ka, akaukunja uso, akaegemea huku, akaegemea kule. Mkono wake, Joakim aliuona, ulishuka taratibu ukaanza kupapasa sakafu karibu na mguu mfupi. Ukapapasa wenyewe, maana macho yake yalikuwa barabarani. Haukupata kitu. Joakim alikuwa amefagia.

"Joakim, baba," alisema kwa kuchoka, bila kugeuka, "hebu nitafutie kijiwe, hiki kitu kinanitikisa."